Usaili Nilioenda na Mafua

Asubuhi ya usaili niliamka pua imeziba. Dada yangu, ambaye nilikuwa nimelala kwake mtaa wa Bilele, mjini Bukoba, alinisogezea kipande cha sabuni ya kufulia akaniuliza nasikia harufu gani. Sikusikia kitu. Alinitazama kama mtu aliyepokea habari za msiba.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuonja kahawa. Kampuni moja ya pale Bukoba ilitafuta mtu wa kumfundisha uonjaji, na tangu nimalize chuo na shahada yangu ya kilimo, hilo ndilo tangazo pekee nililolisoma mara mbili. Maombi mengine nilikuwa natuma tu: benki, mapokezi ya hoteli, hata ukarani wa bandarini. Tata, yaani baba yetu, alikuwa na mpango mmoja kwa ajili yangu: nisubiri ajira ya serikali. Nilipomuaga jana yake nyumbani Muleba, alikuwa anageuza kahawa uani.

"Kuonja," alisema bila kuinua kichwa. "Mtu anasomeshwa mpaka chuo kikuu ili aonje?"

Nikapanda bodaboda kwenda kituo cha basi, mvua ikanikuta njiani. Mafua yalianzia hapo.

Dada alichemsha majani ya mkaratusi, akanifunika shuka, nikajifukiza mpaka machozi yakanitoka. Pua haikufunguka. "Usiwaambie," alisema nilipokuwa navaa viatu. "Ukiwaambia watakurudisha getini. Ingia kwanza." Ni yeye aliyekuwa akinifanyisha mazoezi kwa simu, akijifanya mkuu wa jopo na kuuliza maswali kwa sauti nzito. Nilimsikiliza.

Kwenye kampuni, sisi waombaji tuliingizwa kwenye chumba chenye meza ndefu iliyopangwa mabakuli. Mama mmoja wa makamo, mwenye koti jeupe, ndiye aliyesimamia usaili. Alituonyesha mara moja tu: chota kwa kijiko, vuta kwa nguvu mpaka mlio usikike, tema, andika. Baadhi ya mabakuli yalikuwa na kahawa yenye kasoro. Tulitakiwa kuitaja kasoro na kilichoisababisha.

Nilivuta. Nilisikia uchungu kwenye ulimi na joto kooni, basi. Bakuli la pili, vilevile. La tatu, vilevile. Kijana mwenye tai aliyekuwa kando yangu aliandika harakaharaka. Kahawa iliyokaushwa vibaya huota ukungu, hilo nililijua, na kwa vyovyote vile lazima bakuli mojawapo lingekuwa nao. Niliandika "ukungu" kwenye mstari wa tatu. Kisha nikalikata lile neno, nikanyoosha mkono.

"Samahani, mama. Nina mafua, sisikii harufu yoyote. Nikiendelea nitakuwa nabahatisha."

Yule mama alinikaribia.

"Kwa nini hukusema ulipoingia?"

"Niliogopa mngenirudisha."

"Tungekurudisha," alisema. Alichukua karatasi yangu, akatazama pale nilipokata. "Kaa kwenye benchi."

Wenzangu waliitwa ofisini mmoja mmoja, wakatoka, wakaondoka. Nilishainuka niende zangu nilipoitwa. Kando ya yule mama aliketi bwana wa utumishi.

"Miaka mitano ijayo unajiona wapi?" bwana yule aliuliza.

Jibu la swali hilo nilikuwa nimelikariri na dada, refu, limejaa neno uongozi. Halikuja. "Sijui kama nitakuwa hapa," nilisema. "Ila nataka kazi ya ubora wa kahawa. Msimu uliopita kahawa yetu ilikataliwa, na tata hakuambiwa sababu. Mpaka leo anaamini alionewa. Nataka niwe mtu anayeweza kumweleza."

"Na tusipokuchukua?" aliuliza mama.

"Naomba mniambie nimepungukiwa nini, nikajifunze, nirudi."

"Leo umepungukiwa pua." Bwana wa utumishi alicheka. Mama hakucheka.

Simu ya kampuni ilikuja nikiwa nimerudi Muleba, nilipokwisha kukata tamaa. Nafasi ya uonjaji alipewa yule kijana mwenye tai. Mimi walinipa kazi ya msimu kwenye mapokezi ya kahawa, kupima unyevu na kukagua punje, na ruhusa ya kurudia jaribio msimu ukiisha. Walitaka jibu siku ileile.

"Msimu ukiisha?" tata aliuliza.

"Nitafanya jaribio tena."

"Na ukishindwa?"

"Nitaomba kwingine, kazi hiihii."

Mama yetu akatazama pembeni, mimi nikiwa nimeshika simu mkononi. "Huko mjini," tata alisema hatimaye, "ndizi kama zetu utapata wapi? Utaondoka na mkungu."

Nikaipigia kampuni kukubali kabla hajabadili mawazo.

Msimu ulipoisha nilionja nikiwa mzima. Mabakuli mawili yalinishinda, mengine niliyataja sawasawa, wakanichukua. Yule mama sasa ndiye mkuu wangu, na bado sijawahi kumwona akicheka kazini.