Bertin Anamleta Dany Nyumbani

Pale mjini Baraka, kwenye kona ya soko ambapo wenye pikipiki hungojea abiria, Bertin hakuwa mtu wa kusifiwa. Wenzake walimwita Polepole, kwa kejeli, maana aliogopa matope na hakuona haya kusema hivyo. Haya, wacheke. Miaka kumi na sita juu ya pikipiki, meno yake yote yapo na mguu haujavunjika. Kati ya hao waliomcheka, watatu tumeshawazika. Alikuwa mtu wa miaka arobaini kasoro, mwimbaji wa kwaya, mwenye mke, Godelieve, na binti, Divine. Mama yake, Adolphine, aliishi nao nyumba moja, na ukimuudhi mama huyo atakaa kimya siku tatu mpaka uombe msamaha wa kosa usilolijua.

Alikuwa pia na mdogo wake mmoja tu, Dany. Huyo ndiye aliyekwenda Misisi kuchimba dhahabu. Mama alimkataza, mchungaji alimkataza, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Alikaa kule miaka miwili, mara anatuma salamu, mara kimya. Bertin alipopeleka abiria mara moja huko, akamkuta Dany anatetemeka kwa baridi ya shimoni, alivua koti lake mwenyewe la pikipiki akamwachia. Lilikuwa koti kuukuu, na mama alikuwa amelitia kiraka cha kitenge chekundu kwenye kiwiko.

Jumanne moja asubuhi simu ililia. Aliyepiga ni Jacques, mchimbaji mwenzake Dany. Shimo lilikuwa limeporomoka. Maiti sita zilikuwa zimetolewa, na Dany alikuwa mmoja wao. Njoo umchukue, akasema Jacques, na ukate simu upesi maana betri inakwisha.

Mama Adolphine hakulia. Katika ukoo wao mama haangui kilio mpaka mwili uingie uani. Ukilia kabla, ni kama umemwambia marehemu asijisumbue kurudi. Alikaa chini kwenye mkeka, akafunga kiuno, akangoja. Watu walipoanza kufika akawaomba nao wanyamaze, na wakanyamaza. Bertin alipokuwa anajaza mafuta, mama alimwita akamshika mkono.

"Usimulete kama muzigo," alimwambia. "Umuite. Kila muto mutavuka, umwambie: Dany, tunavuka, kuya. Ukinyamaza atabakia ng'ambo, na mi sitamupata tena."

Mambo hayo, kumwambia maiti kuya, yaani njoo, kanisani kwa Bertin hayapendwi hata kidogo. Akasema ndiyo, mama, nitamwita.

Alikwenda peke yake. Angekwenda na nani? Kiti cha nyuma kilikuwa cha Dany. Barabara ile waliiita ya taifa, na mimi sijui taifa lenyewe limeiona lini mara ya mwisho. Unapanda mlima hadi Fizi kwenye changarawe inayoteleza chini ya tairi, unashuka, kisha ni makorongo yaliyochimbwa na malori, mawe, vumbi, tena matope hata mahali ambapo mvua hukuiona. Kijiji kimoja kina watu, kinachofuata kina milango tu. Bertin alilala Lulimba, na Jumatano kabla ya saa sita mchana akaingia Misisi.

Mwenye shimo, ambaye kule wanamwita PDG, mkurugenzi mkuu, kana kwamba ana ofisi, alikuwa ameshaamuru lifukiwe. Watu walikuwa wanashindilia udongo kwa miguu. Familia tano zilikuwa zimekwisha kuchukua wafu wao alfajiri, kila moja kwa njia yake, mmoja hadi upande wa Kalemie. Wa sita alikuwa amekalishwa nyuma ya jiko la mama muuza chakula, chini ya hema la plastiki. Wachimbaji wanajua kazi yao: mtu akifa mbali na kwao wanamkalisha akiwa bado laini, magoti yamekunjwa, ili akikauka aweze kupanda pikipiki. Kichwa chote kilikuwa kimefungwa kitambaa. Jacques alimsihi asifungue, jiwe halikubakisha uso.

Bertin hakufungua. Aliliona koti. Aliona kiraka chekundu kwenye kiwiko, akapiga magoti matopeni akakikumbatia kile kiwiko, na watu wakaondoka kidogo wamwache.

Jioni Jacques alimpa ugali na kumsimulia habari za Dany, jinsi alivyokuwa mkarimu. Koti lile limetuponya wengi, alisema. Anayetoka shimoni analivua mdomoni mwa shimo, anayeingia analivaa, hakuna kuombana. Bertin aliguswa sana. Alimshukuru Mungu kwamba ndugu yake alikuwa na moyo wa namna hiyo.

Alhamisi kulipopambazuka walimpandisha, wakamfunga kwa mipira ya tairi iliyokatwa vipande, kifuani, kiunoni, kwenye vifundo vya miguu. Kifua cha maiti kiliegemea mgongo wa Bertin. Usiniulize alijisikiaje. Kulikuwa na harufu, na kulikuwa na ule uzito unaokwenda upande wake kila mkikata kona, maana mfu hajui kuinama pamoja nawe.

Kwenye mto wa kwanza alisema maneno ya mama kwa kunong'ona, akiangalia pembeni kama mtoto anayeiba sukari. Kwenye mto wa pili alisema kwa sauti. Baada ya hapo hakunyamaza tena. Alimweleza Dany habari za Divine, darasa lake, jino lake lililotoka. Na mwishowe, kwenye mbuga ndefu isiyo na nyumba, akatoa lile lililokuwa limemkaa kooni miaka miwili: kwamba ni yeye, Bertin, aliyemwambia siku ile mezani, mbele ya Godelieve, kuwa mwanamume mzima anakula kwa kaka yake kama Divine. Dany aliacha sahani, na kesho yake akaondoka kwenda Misisi. Mama hakujua. Zaidi ya Godelieve hakuna aliyejua.

"Nisamehe, Dany," alisema. "Ni mi nilikufukuza."

Alilia huku anaendesha, na kwa mara ya kwanza tangu ile simu kifua chake kikawa chepesi. Aliona Dany amemsikia.

Ndipo pikipiki ikateleza. Polepole, mtu wa tahadhari, alikuwa haoni vizuri kwa machozi, na tairi la mbele likaingia kwenye mfereji. Hawakuanguka vibaya. Walilala wote wawili ubavu, Bertin akajivuta akatoka, injini ikazimika. Mpira wa mguu wa kulia ulikuwa umekatika, na suruali ya maiti, upande huo, ilikuwa imepanda hadi gotini.

Alishika suruali aishushe, ampe ndugu yake heshima yake. Mkono ukasimama.

Dany alipokuwa na miaka tisa alirukia pikipiki ya kaka yake iliyotoka safari, na bomba la moshi likamchoma shavu la mguu wa kulia. Kovu lake lilikuwa pana kama kiganja, jeusi, linang'aa, na kila mtu wa nyumba ile alilijua. Mguu huu ulikuwa safi. Bertin aliufuta matope kwa mate na shati lake, akautazama tena. Akafunua na wa kushoto, labda amesahau ni upande gani, ingawa hakuwa amesahau. Nao ulikuwa safi.

Akakumbuka maneno ya Jacques juu ya koti, yote, neno kwa neno.

Alikaa chini kando ya barabara. Kwanza alikasirika, na hasira yake yote ikamwendea yule maiti. Alimuuliza we ni nani, we mwizi, umevaa nini, umesikiliza siri zangu ukanyamaza. Msamaha aliouomba kwa miaka miwili ya kukosa usingizi ulikuwa umeingia kwenye masikio ya mtu asiyemjua. Kisha akaanza kufikiri, na kufikiri kulikuwa kubaya zaidi. Dany hakuwa hai. Angekuwa hai ndiye angempokea Misisi. Basi ama alikuwa chini ya udongo ule waliokuwa wakiushindilia mbele ya macho yake, ama moja ya zile familia tano ilikuwa imempakia akiwa na nguo za mtu mwingine, na sasa yuko njia ipi, nani ajuaye? Kurudi Misisi kungemaliza siku nzima. Simu haikuwa na mtandao. Na jua lilikuwa linapanda, na la kuvunda halina ubani.

Akafikiri jambo jingine, na sitalificha. Alifikiri kumwacha. Majani yalikuwa marefu, watu hakuna. Angerudi kwa mama mikono mitupu aseme mwili haukupatikana, na huo ungekuwa ukweli. Alifungua mpira wa kifuani. Alifungua na wa kiunoni.

Alikuwa ameshika ule wa mwisho, wa mguu wa kushoto, walipotokea kina mama watatu wenye mizigo ya mihogo kichwani. Waliona, wakatua mizigo bila kuambizana. Mmoja, mzee kuliko wenzake, alisema pole, kisha akauliza ni nani wake. Hapo ndipo mdomo ulipojisemea wenyewe.

"Ni mudogo wangu," alisema Bertin.

Walimsaidia kumwinua. Walishika miguu ile safi kwa upole, yule mzee akaikung'uta suruali na kuishusha, na wakafunga mipira upya kwa nguvu kuliko wachimbaji. Hawakutaka shukrani. Walijitwika mihogo yao wakaenda zao.

Mto uliofuata haukuwa mbali. Bertin alisimama kwenye magogo yaliyowekwa badala ya daraja, maji yanapita chini. Akiita Dany, anamwita mtu asiyekuwapo avuke na mtu asiye wake. Akinyamaza, huyu wa nyuma anabaki hapa, na hakuna mtu duniani atakayejua amebaki wapi. Injini ilikuwa inanguruma.

"We mutoto ya bantu," alisema mwisho, "jina yako siijue. Tunavuka. Kuya."

Na hivyo, mtoto wa watu, ndivyo alivyomwita kwenye mito yote iliyobaki. Kwenye kizuizi cha vijana wenye silaha, kabla ya Fizi, waliziba pua wakampungia apite bila kulipa, jambo ambalo halijamtokea tena hadi leo.

Aliingia Baraka saa kumi jioni. Njia nzima kutoka Fizi alikuwa akipanga maneno ya kumwambia mama, na alikuwa amepata mazuri. Ua ulikuwa umejaa watu na ulikuwa kimya kabisa, watu zaidi ya mia, wamefunga midomo kwa siku tatu wakimngoja Dany. Mama Adolphine alisimama. Alikuja hadi kwenye pikipiki, akagusa kile kiraka chekundu alichokishona mwenyewe, na Bertin, badala ya kuyasema, akaanza kufungua mipira.

Wanaume walitaka kumwosha, kama ilivyo desturi. Mama akasema yeye aliyemwosha wa kwanza atamwosha na wa mwisho, na hakuna aliyethubutu kubishana. Waliingia chumbani yeye mama, dada yake Anastasie, na Bertin wa kushika ndoo. Kitambaa cha kichwani Bertin aliwakataza wasikifungue. Mama alianza mabegani. Aliosha mikono, kifua, tumbo, akashuka magotini, akafika kwenye shavu la mguu wa kulia.

Mkono wake ulisimama palepale uliposimama mkono wa mwanawe. Alipitisha kitambaa tena, kwa nguvu kidogo, kama mtu anayesugua sufuria kutafuta alama aliyoiweka. Kisha akainua macho kumtazama Bertin. Bertin akatazama maji ya ndoo.

Anastasie aliuliza kuna nini. Mama akasema hakuna kitu, leta maji ingine. Akaosha mguu ule hadi kwenye vidole, kidole kimoja kimoja na katikati ya vidole, akaosha na wa pili, akamkausha, akamfunika shuka jeupe. Alipomaliza alifungua mlango, akasimama kizingitini, akaangua kilio. Ua mzima ulimpokea. Wanaosema wanajua vilio wanasema hawajasikia kama kile.

Walimzika Ijumaa. Msalabani waliandika jina la Dany.

Siku ya tatu ya matanga, wageni wakiwa wanakula, mama alimwita Bertin nyuma ya nyumba. Sauti ilikuwa imemkauka, ilibidi asogee karibu amsikie. Bertin alianza kueleza, koti, shimo, mguu, kwamba aligundua njiani na hakuweza kusema. Mama alimkatiza.

"Dany nilimuzaa mi. Utanifundisha mwili yake?"

Mama akajifuta uso kwa pembe ya kitenge.

"Balikuwa sita," akasema. "Na ule wetu, kuko mama ingine mwenye bamemupelekea. Nimelia mutoto yake na roho yangu yote, ili naye alie wangu vile vile. Ni ile tu nilikuwa na nguvu ya kufanya."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na Bertin angepaswa kuishia hapo. Lakini alikuwa ameona wale watu wakishindilia udongo, na kwa siku mbili hakuwa amelala.

"Na kama hakuna mwenye bamemupelekea, mama? Kama iko mu shimo?"

Mama Adolphine alimtazama. Hakukasirika.

"Basi ile," akasema, "usiniambie," akarudi kwa wageni wake.