Kupika Bila Kuonja

Siku ya kwanza kazini sikupewa kisu wala mwiko. Nilipewa kipande cha sabuni na ndoo ya maji, nikaonyeshwa bafu la uani, nikaambiwa nioge. Nilikuwa nimeshaoga alfajiri, tena vizuri, lakini nilikuwa nimepanga chumba Makoko kwa wavuvi, na nguo zangu zilikuwa zimelala chumba kimoja na dagaa. Nyumba niliyokuwa naingia, pale Musoma mjini, haikuwa imepikiwa samaki wala nyama tangu ijengwe. Nikaoga mara ya pili. Nilipotoka nikakuta shati jeupe limetundikwa mlangoni, nikalivaa, na hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ya kupika chakula cha Kihindi, kazi niliyoifanya mpaka nikazeeka.

Naandika haya kwa ajili ya vijana wanaoniuliza namna ya kupika dali, ule mchuzi wa dengu, na kichri, hao wanaopika huku simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari. Nitawaeleza ninachokijua. Lakini nikiri mapema kwamba naandika zaidi kwa sababu ya mlo mmoja niliomwahidi mke wangu, nikauchelewesha kwa miaka mingi, kwa aibu tu, mpaka ikabaki kidogo nisiupike kabisa.

Mwenye jiko tulimwita Mama Mkubwa. Alikuwa mama wa Kihindi, mwembamba, mwenye maneno machache, na mumewe alikuwa na duka la vitambaa. Alikaa kwenye kigoda karibu na dirisha, akichambua mchele na kuniangalia. Asubuhi ile aliniwekea sufuria ya dali jikoni, akasema niikoroge. Nikakoroga. Halafu nikafanya kile ambacho mtu yeyote angefanya: nikachota kidogo kwa mwiko, nikadondosha kiganjani, nikapeleka mdomoni. Kiganja hakikufika. Mama Mkubwa alikuwa ameshanishika mkono.

“Ukionja, hiyo inakuwa makombo,” alisema. “Mungu hapewi makombo.”

Akanieleza taratibu. Kila siku, chakula kikiiva, sehemu ya kwanza iliwekwa kwenye kibakuli kidogo na kupelekwa kwenye rafu ya sebuleni, palipokuwa na picha za miungu yake, ua moja na taa ya samli. Baada ya hapo ndipo watu walipokula. Hapakuwa na ulimi wa kutangulia, wala wa mpishi, wala wa mtoto.

“Sasa Mama, chumvi nitaijuaje?”

“Utajua.”

“Kwa njia gani?”

“Kwa kukosea.”

Na ndivyo ilivyokuwa. Mimi fungu langu nililila saa saba mchana, nimekaa kwenye ngazi ya nyuma, watu wote wakiwa wameshakula. Kwa hiyo kosa langu nililijua saa saba, wakati halina dawa tena. Wiki ya kwanza nilipeleka dali isiyo na chumvi hata punje. Tajiri, yaani mume wa Mama Mkubwa, aliila yote, akafuta mdomo, akarudi dukani. Mama Mkubwa alikuja mpaka kwenye ngazi, akaniangalia nikitafuna, akasema, “Leo Mungu amekula chakula cha hospitali.” Niliona aibu siku nzima.

Mtu asiyeruhusiwa kuonja huanza kusikia. Sikutia chumvi kwa kijiko, niliitia kwa kiganja: ikijaa kishimo cha katikati inatosha sufuria ya watu sita, na kama ni ya mawe unapunguza kidogo kwa sababu inachelewa kuyeyuka, inakudanganya. Dali ikiwa mbichi hupiga kelele nyembamba za haraka haraka. Ikiiva sauti inakuwa nzito, mapovu yanapasuka pole pole, kila moja kwa wakati wake. Harufu nayo hubadilika. Dali isiyo na chumvi inanukia udongo uliolowa, na chumvi ikishaenea, udongo ule unaondoka. Najua wengine mtasema mzee anatunga. Pikeni miaka mitano mkiwa mmefunga midomo, halafu mje tuzungumze.

Roho ya mapishi yale ni kitu walichokiita waghari. Unapasha samli kwenye kikaango kidogo, unatupia haradali nyeusi, unasubiri zirukeruke na kutulia, unatia bizari nyembamba na mvuje kidogo sana, halafu unamwaga vyote kwa mkupuo juu ya dali. Inalia shaa, na nyumba nzima inajua kwamba chakula kimeiva. Ukichelewa kidogo haradali zinaungua, na hapo unamwaga unaanza upya, usijidanganye. Mvuje unanuka vibaya ukiwa kwenye kopo, lakini ukikutana na samli ya moto unakuwa mwema. Nilipohamia mtaa wa Kitaji, mpangaji mwenzangu aliniuliza kwa huruma kama nina mtoto anayesumbuliwa na mashetani, maana yeye aliujua mvuje kwa kazi hiyo tu.

Kuna saa moja ya nyumba ile ambayo hainitoki. Ilikuwa kama saa tano hivi, dali iko motoni, unga umekandwa na kufunikwa kitambaa. Upepo wa ziwa ulikuwa unaingia kupitia wavu wa dirisha, Mama Mkubwa anasinzia kwenye kigoda huku midomo yake ikitembea kwa sala, na mimi nimesimama nikisikiliza sufuria. Sijui kama nilikuwa macho sawasawa. Mvuke ulipanda, mwanga ukapita ndani yake, na nilijisikia kana kwamba mimi na yule mama na chakula tulikuwa tunasubiri kitu kimoja. Hata sasa nikilala mchana ninairudia saa ile, nikiamka nanyosha mkono kutafuta mfuniko.

Nyumbani kwangu ni Butiama, na nilikwenda kila mwisho wa mwezi. Kule niliwaambia watu nafanya kazi dukani. Kwetu, mwanamume akionekana ameinama kwenye mafiga, vijana wenzake wanapata cha kuongea mpaka mavuno. Kwa hiyo nilikaa kwenye kiti nikaletewa ugali kama wanaume wengine, mimi niliyejua kusukuma chapati nyembamba ya kuonea mwanga ikavimba motoni kama mpira. Mke wangu, Mama Neema, ndiye aliyefua mashati yangu. Hakuhitaji kuambiwa. Alinusa kola, akanitazama, akaendelea kufua.

Mama Mkubwa na mumewe walipohamia ng'ambo kwa watoto wao, barua yao ilinipeleka Bunda, kwa Meneja wa kiwanda cha kuchambua pamba. Naye alikuwa Mhindi, ila Mwislamu, anakula nyama, anapenda mchuzi wa sato wenye ukwaju na biriani ya Ijumaa. Msimu wa pamba nyuzi zilielea hewani mji mzima. Ziliingia jikoni bila haraka, zikatua kwenye nyusi zangu, na kila sufuria ilibidi ifunikwe. Ukisimama mlangoni jua likiwa kali, uliona ua wote unapumua weupe. Nilifanya kazi mle miaka mingi kama mtu anayetembea ndani ya mawingu.

Meneja aligundua mapema kwamba sionji. “Unanipikia kwa kubahatisha?” aliniuliza. “Onja, bwana. Hapa ruksa.”

Nikaonja. Mchuzi ukaharibika. Ulimi wangu haukuwa na mafunzo: nikionja mara moja unasema bado, mara ya pili unasema bado, kumbe umeshazoea. Siku tatu mfululizo nilimpelekea chumvi tupu. Siku ya nne Meneja alisukuma sahani, akacheka mpaka akakohoa. “Basi, Wambura, usionje. Pika ulivyozoea.”

Ni huko Bunda Mama Neema aliponikuta kazini. Alikuja Jumamosi moja kwa shida za ada ya mtoto, akaonyeshwa mlango wa nyuma, akasimama dirishani. Nilikuwa nasukuma chapati. Nilipoinua macho, nyuzi za pamba zilikuwa zimemjaa kwenye kitambaa cha kichwa, na alikuwa anatazama mikono yangu kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akiitazama.

“Kwa hiyo ndo kazi unafanyaga,” alisema.

“Ndiyo hii.”

“Unawapikiaga watu wengine vizuri hivi. Mimi nitakula lini?”

Ningeweza kumpa chapati pale pale. Zilikuwa ishirini kwenye hotipoti. Lakini niliogopa atakwenda kuzisimulia Butiama, nikasema, “Nikistaafu nitakupikia. Nyumbani kwako, jikoni kwako.” Akaitikia kwa kichwa. Hakudai tena, na kutodai kwake ndiko kulikonikosesha raha.

Nikastaafu. Mwaka wa kwanza nilisema kuni ni mbichi. Wa pili nikasema viungo vizuri havipatikani mpaka Musoma. Ukweli ni kwamba mdogo wangu Magoti anakaa boma la jirani, na jiko letu lina mlango unaotazama njia. Halafu masika iliyopita Mama Neema akapata homa ya mapafu, akalazwa wiki tatu. Alirudi akiwa hai, namshukuru Mungu, lakini ulimi haukurudi naye. Kila kitu kilikuwa sawasawa mdomoni mwake, maziwa, mihogo, uji, vyote bila ladha. Majirani walipika kwa zamu na yeye aliacha sahani zikiwa nusu, halafu robo tatu, halafu hazijaguswa. Mifupa ya mabega yake ilitokeza. Muuguzi wa zahanati aliniambia waziwazi: asipokula, hatafika mbali.

Asubuhi moja alisukuma bakuli la uji, akasema kwa upole, “Umechelewa, Baba Neema. Hata ukipika sasa nitakula jivu.” Nilitoka nje nikakaa nyuma ya nyumba, nikajichukia kwa kweli.

Siku hiyo hiyo nilikwenda Musoma kununua mchele, choroko zilizopasuliwa, samli, haradali na mvuje. Kesho yake saa nne, jua limekwisha kuwa kali na njia imejaa watu, nilifungua mlango wa jiko wote nikakaa kwenye mafiga. Nilipika kichri, yaani mchele na choroko vikipikwa pamoja mpaka vilainike, chakula ambacho Mama Mkubwa alimpikia kila mgonjwa. Nilimtoa Mama Neema kwa kiti chake nikamweka kizingitini, ili hata kama ulimi umelala, masikio na pua vipate kula.

Magoti hakuchelewa kutokea. “Shikamoo kaka. Kulikoni na mafiga?”

“Marahaba. Napika.”

“Si ulikuwaga dukani wewe?”

“Nilikuwaga jikoni. Miaka yote. Usizibe upepo.”

Alisimama kidogo, akamtazama shemeji yake kwenye kiti, mifupa na kanga. Kisha akachuchumaa, akasogeza kuni ndani, akaanza kupuliza moto.

Haradali zilipoanza kuruka, Mama Neema alifumba macho. Nilimwaga waghari, ikalia, moshi wenye harufu ukamfunika, na yeye akavuta pumzi ndefu kama mtu aliyesimama ufukweni. Hapo mimi niliingiwa na woga ambao sikuwahi kuupata kwa Mama Mkubwa wala kwa Meneja. Mikono iliyopika miaka yote ile ikakataa kuaminika. Nikachukua kijiko nikaonja. Nikaona bado. Nikaongeza, nikaonja tena.

Nikampakulia. Alikula kwa vidole, tonge la kwanza akalitafuna muda mrefu. La pili. Akaacha kutafuna. Mimi na Magoti tulikuwa tunamtazama mdomo kama watoto.

“Baba Neema.”

“Naam.”

“Chumvi imezidi.”

Nikamwomba arudie.

“Nimesema chumvi imezidi. Hivi hao mabosi wako walikuwa wanakulipaga kwa hii?”

Magoti ndiye aliyecheka kwanza. Mimi niligeukia mafiga nikasingizia moshi, lakini nilikuwa nalia, na wote wawili walijua.

Siku hizi napika mara nyingi, mlango wazi, na vijana hupita kuuliza. Nawaambia vipimo, nawaambia wasikilize sufuria. Waume miongoni mwao nawaambia pia kwamba nilimnyima mke wangu kitu chepesi kwa kuogopa kuchekwa, na kwamba siku niliyochekwa, kicheko hakikuchukua hata dakika moja. Nimepika vyakula vingi, vingine vimesifiwa na wageni kutoka mbali. Kichri ile ya kizingitini ilikuwa mbaya kuliko vyote, chumvi hadi kooni, na Mama Neema aliila mpaka akafuta sahani kwa kidole.