Jumamosi za Mama na Waimbaji Wake

Mwezi uliopita nilirudi Bunia kwa kilio cha mjomba, na asubuhi moja nikajikuta nimesimama mbele ya ule ukumbi wa parokia nyuma ya soko. Siku hizi ni depo ya simenti. Vijana walikuwa wanapakua magunia kutoka kwenye lori, vumbi limewajaa hadi kwenye nyusi, na mmoja akaniuliza, "Mama, unatafuta nini hapa?" Utamwambiaje mtu kwamba unatafuta siku ya Jumamosi?

Mama yangu alipooza miguu akiwa mtoto mdogo. Alitembea kwa trisikli, ile baiskeli ya magurudumu matatu inayozungushwa kwa mikono, nami nilikuwa naisukuma kutoka nyuma kila tulipopanda kilima. Siku za kazi alishona nguo barazani. Jumamosi alikuwa mtu mwingine kabisa. Alifunga kitambaa chake cha kijani kichwani, tukateremka hadi ukumbini, na huko watu wazima wenye ulemavu kutoka kartie, yaani mitaa, mbalimbali za mji walimngojea awaongoze kuimba. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Alikuwa amechoka kuona wenzake wanawekwa nyuma kanisani, karibu na mlango, kama mizigo ya wasafiri.

Walikuwa wengi, lakini watatu ndio waliokaa zaidi moyoni mwangu. Kulikuwa na Papa wa Likembe, baba asiyeona, aliyepiga kile kisanduku chake cha vyuma kwa vidole gumba huku akiutabasamia ukuta. Kulikuwa na Yaya, yaani dada mkubwa, mwanamke aliyemzidi mama yangu umri, lakini mwenye akili ya mtoto. Yeye alitikisa kopo lenye mbegu za mahindi, na kelele za ghafla zilimtoa machozi. Na kulikuwa na Papa wa Ngoma, kiziwi tangu kuzaliwa. Alivua viatu, akaweka nyayo zake juu ya sakafu ya mbao apate kusikia mtetemo, na macho yake hayakuachana na kidevu cha Mama. Kidevu kikishuka, alipiga. Sikumbuki akikosea.

Mama aliongoza kwa kichwa, kwa mabega, kwa mkono mmoja uliopasua hewa. Mtu akipotea katikati ya wimbo, alisema tu, "Turudilie," nasi tukarudia bila kumtazama aliyepotea. Baadaye tulikunywa chai ya tangawizi na viazi vitamu vilivyochemshwa na maganda yake, na ukumbi wote ulinuka moshi wa makaa na jasho la watu waliofurahi.

Wewe unayesoma unaweza kudhani nilikuwa mtoto mwenye raha. Raha ilikuwepo, lakini ilikaa juu ya woga. Sisi watoto wa Bunia, miaka ile ya vita, tulijua kusikiliza mji. Pikipiki zikinyamaza zote pamoja, ni vibaya. Milango ya bati ya maduka ikianza kushushwa mchana, ni vibaya zaidi. Nami nilikaa karibu na dirisha, nikiimba kwa mdomo na kusikiliza kwa masikio, kwa sababu kulikuwa na swali ambalo sikuthubutu kumuuliza Mama: siku watu watakapokimbia, hawa wetu watakimbiaje?

Jibu lilikuja asubuhi moja ya jua kali. Papa wa Ngoma alikuwa amechukua bido, lile dumu la maji, akateremka kwenye pompi, bomba la mtaa chini ya kilima, ili tupate chai. Tulikuwa katikati ya wimbo mlio mkubwa ulipopasuka upande wa soko. Kisha bati, bati, bati: milango yote inashushwa. Watu wakapita mbio mbele ya dirisha, kina mama na watoto mgongoni, wakipiga kelele kwamba ni risasi, "Masasi! Masasi!"

Yaya aliziba masikio akaanza kulia. Mtu fulani aliangusha kiti. Mama hakupaza sauti.

"Hapana kukimbia," alisema. "Kila mutu akamate mukono ya mwenzake. Mufunge mulango."

Tulifunga. Ndipo nilipoona ile ngoma iko peke yake, na viatu vya mpigaji wake kando yake.

"Mama," nikasema, "Papa wa Ngoma iko ku pompi."

Sote tulielewa. Mji mzima ulikuwa unapiga kelele, na yeye hakuwa akisikia hata moja.

"Usiende, Mama," Papa wa Likembe alisema. "Batakuangusha mu njia."

"Nikiita hatasikia. Lazima anione."

Nilishika trisikli kwa nyuma. Aliuondoa mkono wangu taratibu. "Weye baki. Uimbe na Yaya, asiogope."

Mlango ukafunguka, ukafungwa. Nikamshika Yaya mkono, nikaimba, na maneno ya wimbo yakatoka vipande vipande. Papa wa Likembe aliinamisha kichwa karibu na ufa wa mlango. Alikuwa anaufuata mnyororo wa trisikli kwa masikio, na alinieleza kila alichosikia.

"Sasa iko ku mawe. Sasa anateremka. Mutu amemugonga... hapana, anaendelea."

Kisha akabana sikio kwenye ufa.

"Unasikia nini?" nikauliza.

"Mnyororo imesimama."

Sijui ulipita muda gani. Najua kwamba niliacha kuimba, na Yaya ndiye aliyeendelea, peke yake, kwa sauti nyembamba, akirudia mstari mmoja uleule. Halafu Papa wa Likembe akainua uso. "Inarudi," alisema. "Na mutu anaisukuma. Miguu bila viatu."

Waliingia Mama akiwa amelowa hadi kifuani, bido ya maji imejaa mapajani pake. Papa wa Ngoma alikuwa amekataa kuiacha. Mama alitusimulia kwamba alimkuta peke yake kwenye pompi, bido za watu zimelala chini kila mahali, yeye anachota maji na kumchekea kwa furaha, akimwonyesha kwa mikono: tazama, leo hakuna foleni! Papa wa Ngoma alipoona nyuso zetu ndipo alipoelewa sawasawa. Alikaa chini, akaweka mikono yake juu ya ngoma, na hakupiga.

Baadaye jirani alikuja kutuambia. Lilikuwa tairi la lori lililotoka Mongbwalu, limepasuka katikati ya soko. Watu walicheka hadi wakalia. Maji yale yakapikwa chai. Mama alicheka pamoja nao, lakini tulipofika nyumbani alishindwa kutunga uzi kwenye sindano. Aliniangalia, akasema, "Leo ilikuwa tairi," akanipa sindano nimtungie.

Siku nyingine haikuwa tairi. Watu wa Djugu waliokimbia vita waliingia mjini kwa miguu, na magodoro kichwani, na ukumbi ukapewa familia zilizokosa pa kulala. Ilikuwa haki. Mama mwenyewe alipeleka sufuria. Lakini waimbaji wakatawanyika. Papa wa Likembe alichukuliwa na mtoto wake kwenda Mahagi. Ndugu za Yaya walivuka mpaka naye. Papa wa Ngoma hakutokea Jumamosi moja. Tulipokwenda kwake tulikuta mlango umefungwa, na jirani hakujua lolote. Mpaka leo hatujui.

Hakuna hata mmoja tuliyeagana naye. Nadhani hilo ndilo linaloniuma kuliko kuuona ukumbi umejaa simenti.

Mama ninaishi naye Kisangani sasa. Ni mzee, mikono yake haishoni tena, lakini akichambua maharage huimba zile nyimbo zetu, na katikati ya mstari hukatiza ghafla, kidevu kikashuka, akanyamaza. Zamani nilidhani amesahau maneno, nikawa namkumbusha. Siku moja akanizuia kwa mkono.

"Acha kidogo," alisema. "Hapo ni yeye anapiga ngoma."

Siku hizi nami hunyamaza.