Mafuta ya Cherehani

Kila ninaposikia harufu ya mafuta ya cherehani, namwona mama mezani kwetu Masama, ameifungua bunduki kuukuu ya baba. Mama alikuwa mshonaji. Mitumba ilikuwa imemnyang'anya wateja, kwa hiyo mahindi ya shamba la tambarare ndiyo yalikuwa tegemeo letu, na nyani walikuwa wanayamaliza. Kifyatulio cha bunduki hiyo kilikuwa kigumu mno. Baba alikivuta kwa nguvu mpaka mtutu ukahama, na risasi ikaenda zake huku nyani wakimtazama wakitafuna.

"Mama watoto, hiyo si cherehani."

"Springi ni springi," mama alijibu. Akalegeza skrubu kidogo, akadondosha mafuta, akakivuta kifyatulio bila risasi huku akisikiliza, akatabasamu.

Asubuhi yake shambani, dume kubwa la nyani lilikuwa limekaa juu ya kichuguu na hindi mkononi. Baba alinyoosha mkono apewe bunduki. Mama hakumpa. Alilenga, kidole chake kikavuta kifyatulio taratibu, kama anayemalizia pindo, na dume likaanguka na hindi lake. Wenzake walitimua mbio.

Tangu siku hiyo mama alitangulia njiani, bunduki begani. Baba alifuata na sufuria la kiburu, ndizi zetu za maharage, akimuuliza kwa fahari kila tuliyepishana naye, "Umemwona mke wangu?"