Lori na Mkokoteni Ndani ya Kompyuta Moja

Madam wa maktaba yetu hapa Nakuru ana tabia moja ninayoiheshimu kuliko hata chapati za Jumapili: akitaka kujua kama kitu ni imara, anawaita watundu. Muhula mmoja alituita mimi na mwenzangu wa dawati.

"Nyinyi ndio mlivunja globu," alisema. "Sasa mnivunjie hizi."

Hizi zilikuwa programu mbili za kuhifadhi majarida ya zamani ya shule kabla panya hawajayamaliza. Zote za bure, na ukiwa na akili unaruhusiwa kuzipasua tumbo na kuzirekebisha. Kurasa tulikuwa tumeshaziskani. Ilibaki kuchagua programu moja, maana kompyuta ilikuwa moja, kuukuu, inakohoa kuliko mlinzi wa geti.

Ya kwanza tuliibatiza Lori: sura safi, kubwa, hata vyuo vikuu vinaitumia. Ya pili tuliiita Mkokoteni. Ungeiona ungejua kwa nini.

Madam alikuwa upande wa Lori. Alikuwa amelisoma wiki nyingi mpaka chai inapoa mezani. Sisi pia. Nani anataka kusukuma mkokoteni?

Lakini mwenzangu alikuwa na lake. Nyumba yao kule Mau Narok iliteketea kwenye vita vya Januari, vile vya baada ya uchaguzi, na muhula ukiisha alikuwa anahamia kwa mjomba wake, mbali. Marehemu babake alisoma hapa. Picha yake pekee iliyobaki ilikuwa kwenye jarida letu moja: kaptula, kombe la mpira mkononi, masikio kama sahani.

"Kumbe hayo masikio ni urithi," nikamwambia.

"Wewe ulirithi nini, njaa?"

Siku ya mtihani tuliandika jina la babake. Lori likampata mara moja. Tukapiga makofi. Madam akainama, akang'oa waya ukutani.

"Madam!"

"Kwani hapa stima huomba ruhusa ikipotea?"

Akarudisha waya. Mkokoteni ukaamka, ukamtoa mzee na kombe lake. Lori tulilibembeleza liwake mpaka kengele ya lanchi, likakataa.

Bado Madam hakuamua. Alisema hilo anaweza kulizoea. Ndipo mwenzangu akauliza, polepole, "Na mimi nikihama, nitamwona aje?"

Madam akaigeukia kompyuta. Lori lingetaka mtandao, na mtandao wetu ulikuwa saiba ya mjini, ya kulipia kila dakika. Mkokoteni ulikuwa unaweza kubeba maktaba nzima kwenye sidii, ikafunguka kwenye kompyuta yoyote, hata huko mbali.

"Basi tutasukuma," akasema, akalifuta Lori tukimwangalia.

Wazee wengi ninaowajua wakishapenda kitu wiki nzima, watakitetea mpaka kaburini. Yeye aliacha kwa swali moja la mwanafunzi, tena bila kununa. Nilimpenda kabisa, ingawa siwezi kumwambia, atanipa kazi.

Siku ya kufunga shule mwenzangu alifunga sanduku lake, sidii ikiwa katikati ya sweta mbili.

"Usiiweke kwa redio ya mjombako," nikamwonya. "Mzee ataanza kuimba."

Akanilamba kofi la kisogo, anacheka. Halafu akalifungua sanduku tena, akapapasa kati ya sweta, akahakikisha bado imo.