Kiroba Kilichobaki

Siku ya kugawana mawe kule Kharumwa naikumbuka, mwanangu, hata vumbi lake nalihisi kooni. Nilikuwa nimeolewa juzijuzi tu, nawapikia ugali wanaume saba wa duara moja, shimo la kuchimba dhahabu, na mume wangu Masunga akiwa mmoja wao. Walishakubaliana tangu walipoanza kuchimba: mawe yote yatiwe kwenye viroba pamoja, mvua zikianza wagawane sawa, kila mtu apeleke yake karasha, kwenye mashine ya kusaga.

Wakahesabu. Viroba elfu moja na tisa. Wakapanga mafungu saba, kila fungu viroba mia moja arobaini na vinne, kikabaki kimoja. Wakadhani wamekosea, wakarudia. Kikabaki kimoja.

Hapo ubaya ukaingia. Hakuna aliyejua dhahabu iko kwenye kiroba kipi, basi kila mmoja akaanza kuamini iko kwenye kile kisicho na mwenyewe. Kukimwaga na kukigawa kwa kopo wakakataa, maana jiwe moja laweza kubeba dhahabu yote na mengine yakawa matupu. Machimbo yanakula akili ya mtu hivyo hivyo, polepole.

Mzee Luhende, aliyewafungia matimba ya kuzuia udongo, akawaambia, "Mpeni huyu binti anayewapikia, yaishe."

Kulwa, mwenzao mwenye mdomo, akamjibu, "Ahaa, babu. Ili Masunga ale mara mbili?"

Wengine wakacheka. Masunga hakucheka. Akachukua tochi, akasema anashuka kuleta vingine sita, kila mtu aongezewe kimoja, asitokee wa kumwita mwizi.

Mzee akamshika mkono. "Ng'wanawane, mwanangu, matimba yamelowa. Hesabu hiyo inakuudhi nini? Iache."

Akauvuta mkono wake, akashuka. Duara liliporomoka likajifunga, ugali haujaiva. Walipomfikia, alikuwa amekwisha kupoa.

Baada ya matanga wale sita wakagawana upya. Kulwa alisema aliyekufa hachimbi, na hakuna aliyembishia. Kila mmoja akapata viroba mia moja sitini na vinane, kikabaki kimoja. Wakaniletea hicho mlangoni. "Shemeji, hiki ni chako."

Dada yako anayesoma sekondari Nyasubi ameniambia namba kama ile elfu moja na tisa huitwa namba tasa: haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Akanigawia kwenye karatasi. Kwa wawili kinabaki kimoja, kwa watatu kimoja, kwa wanne kimoja, kwa watano ndiyo vinabaki vinne. Kumbe hata wangeuana wakabaki wawili tu, kile kiroba kingekuwa pale pale kinawatazama.

Sasa wewe unakwenda huko huko machimboni, na sikuzuii, maana shamba halijatoa kitu. Ila sikia. Zipo hesabu zisizotoka sawa, na hakuna mtu aliyezikosea. Kabla hamjashuka, kubalianeni kwanza kitakachobaki kitakuwa cha nani, maana cha kugawana hakiwashindi. Na mtu akikucheka kwamba umekula mara mbili, mwache acheke, wewe rudi nyumbani. Kicheko hakijawahi kumfukia mtu.

Mungu akushushe salama, mwanangu, na akupandishe kwa miguu yako mwenyewe.