Nyungunyungu wa Ghislaine

Kiwanda cha kuyeyushia madini ya risasi kilifungwa, lakini sumu yake ilibaki kwenye udongo wa mtaa wa wachimba makaa ya mawe, kaskazini mwa Ufaransa. Ghislaine, mjane asiyejua kukaa kitako, akakatazwa kula chochote cha bustani yake. Miaka nenda miaka rudi hakuthubutu kung'ata hata jani.

Mwishowe watafiti wakamletea nyungunyungu. Wadudu hao wangefyonza sumu miilini mwao, kisha wakusanywe na kuchomwa majani yakianza kupukutika.

"Wewe subiri tu, mama," wakamwambia.

Asubiri! Kila asubuhi alifukua, akachungulia, akafukia, akarudi kufukua tena.

"Ghislaine, hata nyungunyungu anataka faragha!" jirani yake, mzee Firmin, akamtania kutoka ng'ambo ya ua.

"Funga domo! Supu yangu ya viazi ikiiva utanitambua."

Asubuhi moja akafukua, patupu. Akachimba huku, akachimba kule, patupu.

"Firmin! Nani kaniibia nyungunyungu wangu?"

"Wizi gani tena? Bustani ikilala bila kulimwa, kuku wa jirani huingia, na wangu wameingia. Si ndivyo walivyoishi wazee wetu? Wewe unawafukulia asubuhi, wao wanajilia jioni ukienda kucheza karata. Na haki yako si nakuletea kila wiki?"

Haki yake ilikuwa mayai ya kuku hao. Jembe likamponyoka Ghislaine mkononi. Miaka yote hiyo hakuonja hata jani, na sasa alikuwa ameila bustani nzima, yai baada ya yai, kwa mkate na siagi.